Shemeji wa Nairobi alitupangia getaway ya watoto Homa Bay, na wenye akili walikuwa watoto

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nikidanganya darasa hunicheka, kwa hivyo nitasema vile ilikuwa. Niliyoyaona nitayasema. Yaliyotokea ndani ya boti niliyatoa kwa mume wangu baada ya kumbana vizuri.

Wale wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mtanisamehe Kiswahili. Huku kwetu ni cha sokoni na cha kuongea na polisi, nyumbani ni Dholuo.

Sasa.

Mume wangu Tom ana kakake anaitwa Collins. Collins anaishi Nairobi na ni consultant. Consultant wa nini, hata mama yao mzazi hajui. Ana mke mpole anaitwa Mercy na watoto wawili, Tiffany wa miaka minane na Jayden wa minne. Sisi tuko na Achieng na Baraka, rika hilo hilo.

Half term ikakaribia. Collins akasema watoto hawajuani, tupange safari fupi ya familia. Hapo hata mimi nilimpigia makofi. Wazo zuri lilikuwa hilo moja tu, na aliishiwa hapo hapo.

Nilipendekeza twende Sori kwa shangazi yangu. Kuna mchanga, kuna samaki, kuna watoto wa kucheza nao, na mtu mzima wa kuwaangalia hakosekani.

Collins akanijibu na voice note: "Mwalimu, hiyo si holiday. Hiyo ni kutembelea watu."

Basi akafungua group ya WhatsApp na kutuma itinerary. Wakuu, nimeona schemes of work za walimu wavivu, lakini ile ilikuwa kiboko. Jumamosi ilianza na "sunrise yoga". Tulikuwa tunaenda na mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Dani, yaani nyanya. Dani ni mzee wa kanisa kule Uriri, na jua likichomoza huwa amelima mpaka kiuno kinauma. Akaniuliza yoga ni chakula gani. Nikamwambia ni kujinyoosha.

"Kwani huko Nairobi wanalala wakiwa wamekunjwa?" akauliza.

Achieng alichukua simu yangu akaandika kwa group: "Uncle kutakuwa na bembea?" Akajibiwa na kidole gumba. Hayo ndiyo mashauriano pekee ambayo watoto walifanyiwa katika safari ya watoto.

Siku ikafika. Collins akaja na T-shirt za zambarau za familia nzima, zimeandikwa Making Memories. Ya Dani ilikwama kichwani, akaibeba begani kama taulo. Za watoto zilitoa rangi na jasho, kufika Rongo kila mtoto alikuwa na shingo ya zambarau kama amenyongwa.

Resort yenyewe sitaitaja jina, sitaki kesi. Iko ufuoni huko Homa Bay. Kwa picha ilikuwa na swimming pool ya buluu mpaka unasikia baridi ukiangalia. Tulipofika, maji yalikuwa rangi ya mrenda na vyura wamehamia na jamaa zao.

Askari wa gate akasema, "Swimming pool iko maintenance."

Nikamuuliza tangu lini.

"Mimi niliandikwa nikaipata hivyo, madam."

Bembea ilikuwepo, tena nzuri, ila ilikuwa na mnyororo mmoja. Baraka aliishika, akaniangalia, akaiachilia polepole kama mtu anayeaga maiti.

Halafu chakula. Wakuu, ziwa liko pale. Unaona mitumbwi, unasikia harufu ya omena ikianikwa. Collins akaagizia watoto fish fingers. Za friji. Tukangoja mpaka watoto wakamaliza biskuti zote kwa begi ya Dani, na zilipokuja zilikuwa bado na barafu katikati.

Nikasema tu, "Hapo nje kuna samaki, ngege amevuliwa leo."

Collins akasema, "Shem, watoto wangu hawajazoea miiba."

Tiffany akasema anataka kuzoea. Hakujibiwa.

Muda mwingine wote ulikuwa wa picha. Simameni hapa. Rukeni. Tena. Jayden, toa kidole puani. Jayden alisema anataka kukojoa, akaambiwa bado picha moja. Akajikojolea, akalia, na picha ikarudiwa kwa angle ingine isiyoonyesha suruali. Mercy alimbadilisha nguo bila kusema neno. Mercy siku hiyo alikuwa hasemi neno.

Mpaka hapo ningecheka tu na kurudi nyumbani. Ni upuzi, lakini upuzi haujaua mtu.

Shida ilikuja baada ya chakula. Nilimpeleka Baraka choo. Kurudi, naona boti ya injini imesogezwa ukingoni, na ndani wamekaa Achieng, Tiffany, Jayden na Mercy. Collins amesimama mbele na simu juu ya kijiti. Mume wangu, baba ya watoto wangu, ana mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Mtoto hata mmoja hakuwa na life jacket. Mwenye boti alikuwa na mbili za watu wazima, moja haina kamba. Zingine, alisema, zimeenda na wageni wengine.

Nilimwachia Dani mkono wa Baraka, nikaingia majini na viatu vyangu.

"Achieng, shuka."

Collins akacheka. "Shem, relax. Unaogopesha watoto."

"Life jacket ya mtoto iko wapi?"

"Tunaenda tu pale, tuone ndege, turudi. Hata wavuvi wenyewe hawavai."

Nikamwambia, "Binamu yangu pia alikuwa anaenda tu pale. Tulimngoja Sori siku nzima, na ziwa likamleta likiwa limemaliza naye."

Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake kama ndio amepewa leo. Achieng akanyoosha mikono, nikamchukua.

Halafu Mercy akasimama. Akamwinua Jayden, akampitisha juu ya ukingo wa boti, akanikabidhi.

"Mercy, unafanya nini?" Collins akauliza.

"Nashuka."

Neno moja tu, na akashuka. Mimi na Mercy hatujawahi kuwa marafiki, lakini siku hiyo ningempa kofia yangu ya kanisani, ya Mothers' Union.

Akabaki Tiffany. Collins akamshika bega. "Tiffy ni big girl. Wewe utabaki na daddy, si ndio?"

Yule mtoto aliangalia mamake majini, akaangalia babake. Midomo ikaanza kutetemeka. Wakuu, kumweka mtoto mahali pa kuchagua hivyo ni uovu, hata kama umevaa T-shirt ya Making Memories.

Dani alikuwa amekuja mpaka maji yakamgusa vidole. Hakupaza sauti.

"Collins. Leta mtoto."

Akamleta. Consultant au la, hiyo sauti ndiyo ilimfundisha kutembea.

Mtu mwenye akili angeshuka pia. Lakini Collins alikuwa ameshaaibika mbele ya mwenye boti, na mwanaume aliyeaibika lazima aende mahali. Akasema ataenda hata peke yake. Tom akaniangalia, akasema hawezi kumwacha ndugu yake. Nikamwambia nenda. Niliisema vile wanawake husema nenda, na akaenda kweli, kwa sababu kusikiliza si somo lake.

Walivaa zile life jacket mbili, mwenye boti akawasha injini. Ya Tom ndiyo haikuwa na kamba.

Watoto walianza kucheza hapo hapo mchangani. Bila pool, bila program. Wakakusanya maganda ya konokono, wakafungua duka la ugali wa udongo, na Dani akawa mteja msumbufu anayesema ugali haujaiva. Tiffany alicheka mpaka akaanguka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu wafike.

Halafu upepo ukageuka.

Kama unajua upande wetu, unajua magugu ya ziwani. Asubuhi yako mbali, unayaona kama shamba la kijani. Upepo ukiyasukuma, yanafunga ghuba kama mlango. Tuliona boti ikiwa ndogo kule, tukaona kijani kikitembea, kisha boti ikaacha kusonga.

Simu yangu ikalia. Tom.

"Injini imemeza magugu. Tumekwama. Lakini usimwambie mama."

Nilikuwa nimeweka loudspeaker. Dani akainama kwa simu. "Mama amesikia."

Mvua ikaanza upande wa Rusinga na kuja. Nilikimbia kwa meneja wa resort. Akaniambia, bila hata kuinuka, "Hiyo boti si yetu, madam. Sisi tunawaunganisha tu." Walipotuuzia safari ilikuwa boti yao. Ilipokwama ikawa ya wenyewe.

Nikaenda kwa miguu mpaka mahali wavuvi wanapotua. Wakaangalia ziwa, wakanieleza kwa heshima kwamba kuingia saa hiyo ni kuongeza watu wa kutafutwa. Upepo ukitulia wataenda. Nilitaka kuwatukana lakini walikuwa wanasema ukweli, na kwa siku hiyo ukweli ulikuwa kitu kigeni.

Nikarudi kungoja. Tulikuwa chini ya paa la makuti linalovuja, watoto wamefunikwa na leso ya Dani. Hasira yangu yote ilikuwa imeisha. Nilikuwa nahesabu makosa ya Tom na naona yote ni madogo.

Achieng akaniuliza, "Baba anajua kuogelea?"

Nikamwambia anajua.

Hajui.

Mercy alinishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapita na tukasikia injini ya wale wavuvi ikiwaka. Waliingia na miti mirefu wakisukuma magugu kando, wakafunga ile boti kwa kamba, wakaivuta polepole. Mwanga ulikuwa unaisha walipofika.

Tom alishuka akitetemeka, akaja moja kwa moja kwangu, akasema, "Nisamehe." Nilimkumbatia kwanza. Maneno niliyaweka ya baadaye, na alikuja kuyapata yote.

Collins alishuka bila viatu, matope mpaka magotini, macho mekundu. Tom anasema maji yalipoanza kuingia kwa boti, shemeji alipiga magoti akaomba kwa sauti kubwa, akamwahidi Mungu kwamba ataacha mambo kadhaa. Alitaja moja moja. Sitayaandika hapa kwa sababu Mercy pia husoma forum.

Yawa, mlidhani aliomba radhi?

Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba atawapa ile resort one star.

Asubuhi yake tulifuta yoga, tukarudi Uriri kwa Dani. Huko watoto walikimbiza vifaranga, wakachimba njugu, wakala samaki mwenye miiba. Tiffany alitoa miiba yake mwenyewe akaipanga ukingoni mwa sahani, akimwonyesha kila mtu. Collins alikuwa ndani kitandani na blanketi mbili, ana-post. Picha ya Jayden anayelia, imekatwa kuanzia kiunoni. Caption: "Nothing beats quality time with my kids." Watu wakaandika chini yake, "Dad of the year."

Dad of the year alikuwa hajatoka nje tangu chai.

Wakati wa kuondoka, nilikuwa namfunga Jayden mshipi kwa gari. Akaninong'oneza, lakini mnong'ono wa mtoto wa miaka minne unasikika mpaka barabarani:

"Auntie, tukikuja tena, daddy anaweza kubaki kazini?"

Collins alijifanya anatafuta funguo, na gari ilikuwa inanguruma tayari. Mercy alikuwa kiti cha mbele. Alisikia. Nilingoja amkemee mtoto. Akafungua tu dirisha, akaniambia, "Mwalimu, nitumie namba ya shangazi yako wa Sori."

Nilituma hata kabla hawajafika kwa lami.

Wakuu, somo langu ni fupi. Kama safari ni ya watoto, waulize watoto, halafu fanya walichosema. Mtoto hajui stars za resort, anajua bembea iko au haiko. Na boti isiyo na life jacket inayomtosha mtoto wako, huyo mtoto hapandi, hata kama anayekuita mshamba ni ndugu, mume au askofu. Aibu hukauka. Usiogope kulowesha viatu.

Haya, nimemaliza ya kwangu. Mnaodhani nilimdharau shemeji kupita kiasi, njooni mumtetee huyo mtu, nawasubiri. Na kama kwenu yuko Collins, msengenyeni hapa hapa tumjue, kabla hajafungua group ya Desemba.