Kuimba na Kisigino

Watu wa kijiji chetu, Lusangi, wanapenda kusema kaka yangu Amuri alizaliwa mwimbaji. Waongo. Mimi Mwanvua ni mdogo wake, tumekula sahani moja, na ninawaambia yaya Amuri, maana kwetu mkubwa wako unamwita yaya, hakuwa na sauti hata ya kuitia mbuzi. Akiadhini, wazee walikuwa wanatazamana. Mke wake, Nuru, alikuwa akimwambia mbele yetu sote, "Bwana we, leo usiimbe, kuku wanatamia." Naye anacheka, anaendelea kupura mpunga wake. Ndivyo walivyoishi, kwa kutaniana asubuhi na jioni, na mimi niliyeolewa na mtu mkimya niliwaonea wivu.

Kilichomfikisha kwenye kuimba ni bega. Wakati huo barabara ya magari ilikuwa haijafika kwetu, na mzungu mmoja wa kampuni ya pamba, tuliyemwita Bwana Miwani, alikuwa anakagua mashamba kati ya Kasongo na Kabambare akiwa juu ya kipoyi, yaani kiti kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Watu wanne wanakibeba mabegani, wawili mbele na wawili nyuma. Wale wa mbele lazima walingane urefu, la sivyo mzungu anakaa upande. Mmoja wao alivunjika mguu, basi nyampara akapita vijijini na ufito wenye alama, anapima wanaume mabega kama mtu anayechagua nguzo za nyumba. Bega la yaya likaja sawasawa na alama. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Nuru alikuwa na mimba changa, yao ya kwanza baada ya kungoja sana, na siku yaya anachukuliwa alilia mpaka macho yakavimba.

Wabebaji wa kipoyi wanaimba, na mtu asikudanganye kwamba ni kwa furaha. Wimbo ndio unaoifanya miguu yote iende pamoja. Ila ulikuwa na kazi nyingine ambayo Bwana Miwani hakuijua, kwa sababu waliimba kwa Kibangubangu. Kipoyi hakisimami kijijini eti kwa kuwa ni kwenu. Askari yuko nyuma na kiboko chake. Kwa hiyo mwimbishaji, yule wa mbele, anauliza habari za nyumbani ndani ya wimbo, na wanawake wanamjibu kutoka kando ya njia, kwa sauti ile ile ya wimbo. Mzungu anafikiri anakaribishwa, anapunga mkono. Hivyo ndivyo watu walivyojua nani amezaa, nani anaumwa, mpunga umefika wapi.

Mara ya kwanza walipopita kwetu, mwimbishaji alikuwa Atumani, mtu mzima wa Nyangwe aliyebeba kipoyi tangu ujana. Alimhurumia yaya, akamwachia zamu. Yaya akafungua mdomo amwite mke wake. Koo likatoa kitu kama mlango mkavu, hatua zikavurugika, kipoyi kikayumba, na kiboko kikashuka mgongoni kwake. Atumani akarudisha wimbo wake haraka. Nuru alikuwa shambani anafukuza ndege kwenye mpunga. Alisikia kipoyi kinapita, akasikia sauti ya mtu asiyemjua, akaendelea na kazi yake. Yaya akapita mbele ya mlango wake mwenyewe kama mgeni.

Jioni tulipomwambia Nuru, alikaa chini pale pale. "Alikuwa hapa?" Tukasema ndiyo. "Na mimi nilikuwa nafukuza ndege?" Hakula siku hiyo. Tangu hapo kila kipoyi kilipopita, kiwe cha nani, aliacha kila kitu na kwenda kusimama njiani, na tumbo lake likizidi kukua.

Huko Kasongo yaya alimwendea Atumani, akamwambia, "Mukubwa, unifundishe. Nataka bibi yangu anisikie na anijibu. Sitaki kitu kingine." Haya yote Atumani mwenyewe alikuja kunieleza baadaye, nikiwa nimekaa msibani, na alieleza huku ameinamisha kichwa.

Atumani alimwambia avue shati. Akamgusa koo, akasema, "Hapa ni njia tu. Mutu haimbi na koo. Mutu anaimba na kisigino." Yaya akadhani anataniwa. Lakini mwenzake alimlaza kifudifudi uani, akamkalia mgongoni chini ya mbavu, akasema, "Sasa imba mpaka uninyanyue." Yaya akahema kama ng'ombe. Siku nyingine akambebesha kinu kilichojaa maji begani na kumtembeza kuzunguka ua, na kila maji yalipomwagika alimwambia magoti yake yamekufa. "Matako yako yamelala usingizi, rafiki. Yaamshe, pumzi inapita hapo." Wenzake walikuwa wanakuja na mihogo yao kutazama na kucheka. Alimwingiza mtoni, maji kifuani, aimbe huku maji yanamsukuma. Alimfundisha kukanyaga, sauti ianze chini, ipande kwenye goti, kiunoni, mgongoni, itoke bila koo kujua.

Na yaya alijifunza, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwimbia. Akienda kuchota maji, anakanyaga na kuimba. Akipakua ugali, anaimba. Atumani alisema ilifika siku alimpiga yaya tumboni kwa ghafla katikati ya wimbo, na sauti haikutikisika. Akamwambia, "Sasa hata ukifa njiani, wimbo utafika." Aliona amempa sifa kubwa. Akampa na nafasi ya mwimbishaji.

Wakaanza safari ya Kabambare wakati mpunga unavunwa. Yaya alikuwa ametunga maneno yake, anayarudia njia nzima.

Nuru alishikwa na uchungu kabla hawajafika. Sitaki kueleza sana. Wakunga walikuwa wawili, mama yangu na mama yake, na wote wawili walikuwa wanajua kazi. Mtoto alikuja vibaya. Alitangulia mtoto, kisha yeye, na tukawazika alasiri ile ile, kama dini inavyotaka. Alipokuwa bado na nguvu ya kusema aliniuliza kama kuna kipoyi njiani. Nikamwambia bado.

Kesho yake tulikuwa tumekaa matangani, mikeka imejaa, mara sauti ikatoka ng'ambo ya kijito. Wallahi sijasikia sauti kama ile, si kabla, si baada. Ilikuja na ardhi yake. Kina mama wakaacha kulia wakaulizana ni nani huyo. Mimi nilijua kwa maneno, si kwa sauti. Nayasema hapa kwa Kiswahili:

"Nuru ee, toka nje nikuone. Bega ni la mzungu, macho ni yangu. Nuru ee, nijibu nisikie."

Hakuna aliyeinuka. Mama yake Nuru alijifunika kanga usoni. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa na mzigo. Anatuliwa kwanza, anakalishwa, anapewa maji. Sasa huyu angetuliwa na nani? Sauti ikawa inakaribia, inamwita tena na tena, na kila mara ina furaha zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaliona paa la nyumba yake. Mama yangu akaniambia, "Enda wewe. Dada ndiye anayejibu."

Nikasimama kando ya njia. Akaniona, akatabasamu, macho yakanipita yakimtafuta mwingine nyuma yangu. Nikaimba, na koo langu hili baya:

"Yaya ee, Nuru hatoki. Tulimlaza jana, ameelekea kibla."

Nilitazama miguu yake. Nilitaka isimame, nilitaka adondoshe kile kiti na mzungu wake, wampige, wamuue, lakini asimame. Miguu haikubadilika. Sauti haikubadilika. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni na wimbo ulikuwa unatoka vile vile, mzuri, umenyooka. Akauliza, "Mtoto je?" Nikawa nimeshaachwa nyuma, nikakimbia kando ya kipoyi nikamjibu, "Wako pamoja, yaya." Bwana Miwani alikuwa anapiga vidole kwenye goti kufuata wimbo. Alinipungia mkono.

Wakaenda hivyo mpaka Kabambare. Atumani, aliyekuwa sambamba naye mbele, alisema alimwomba anyamaze ashike yeye wimbo, na yaya akamjibu, "Siwezi kuusimamisha."

Alirudi alipoachiliwa, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani nasi tukiwa bado msibani. Atumani alimsindikiza. Nilimpeleka yaya makaburini mimi mwenyewe. Akapiga magoti kwenye udongo wa yale makaburi mawili, kubwa na dogo, akafungua mdomo alie. Ikatoka ile sauti. Ilipanda kutoka magotini, imepangika, ina hatua zake, na watu waliokuwa mashambani wakaacha majembe wakasimama kusikiliza. Mmoja alisema, "Huyu anaimba vizuri." Yaya akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Akaniuliza kupitia vidole, "Mwanvua, wewe ulimlilia namna gani?"

Nikamwambia, "Na koo tu, yaya."

Akaondoa mikono, akajaribu. Nilimwona anakaza shingo, anashusha mabega, anatafuta ile sauti yake mbovu ambayo Nuru alikuwa anaicheka. Hakuipata. Akajaribu tena, na jua lilipoanza kupungua nikamshika mkono nikamwambia twende nyumbani.