Neno Tulilolibandikia Kiraka

Ipo siku moja ambayo kichwa changu kimegoma kabisa kuisahau, mwanangu, na mengine yote nasahau, hata miwani naitafuta huku nimeivaa. Umeniletea kitabu cha picha mlichowatengenezea watoto wadogo hapa Nangwa, wewe na wenzako, cha kuwafundisha wasidharauliane kabila wala dini. Nimekifungua, nimefurahi mpaka chai yangu imepoa. Lakini kabla hamjakipeleka, kaa kwanza. Na mimi bibi yako niliwahi kuandika kitabu. Usicheke. Nimeishia darasa la saba, lakini niliandika.

Enzi hizo serikali ilikuwa inalima ngano huku kwetu, mashamba ambayo ukisimama mwanzo huoni mwisho. Baba yangu alitoka Bashay akaja kufanya kazi ghalani, tukahamia karibu na Basotu. Shuleni tulikuwa mchanganyiko: sisi Wairaqw, watoto wa madereva wa matrekta waliotoka mikoa ya mbali, na watoto wachache wa wafugaji, wale ambao ng'ombe wao walikuwa wanalishwa hapo hapo kabla ngano haijaja.

Rafiki yangu Magreti alikuwa wa hao wafugaji. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mdogo wake, Udagwenga, alianza shule mwaka ule tuliokuwa la saba. Alikuwa mtoto mchangamfu, ana bangili za shaba mikono yote miwili, akikimbia unamsikia kabla hujamwona. Wiki ya tatu akaacha kuja. Watoto wenzake walikuwa wanamzunguka wakimwimbia, "Mang'ati, Mang'ati, ficha ng'ombe!" Bibi yake akasema basi, atakwenda na mbuzi malishoni.

Mwalimu wetu, dada mmoja mpole asiyependa fimbo, akatuita wakubwa wa la saba. Akasema, "Wale wadogo hawana hata kitabu kimoja cha hadithi. Watengenezeeni. Chenye watu wote wa hapa, waone kwamba ni watu." Akamwambia Magreti, "Mkimaliza, mkamsomee bibi yako. Pengine atamrudisha mtoto."

Mwanangu, tulifanya kazi! Baba alituletea mifuko ya mbolea, ile ya karatasi. Ilikuwa na tabaka nyingi, na zile za katikati hazikuguswa na mbolea, safi kabisa, rangi ya chai ya maziwa. Tulizikata, tukazishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa kufungia ngano. Magreti alichora, na kwa kuchora ng'ombe hakuwa na mpinzani. Kila ng'ombe na pembe zake, ungesema anawajua kwa majina. Nyeusi tulitoa kwenye makaa, nyekundu kwenye udongo, na mlima Hanang tuliupaka bluu ya kufulia nguo. Mimi niliandika maneno. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wote, na nilijua, na hicho ndicho kilichoniponza. Nilivyomaliza kitabu cha sita sikumwonyesha mtu. Nilijiona nimemaliza ugomvi wa dunia.

Ilikuwa imebaki siku mbili kufika siku ya wazazi, ambapo vitabu vyetu vingesomwa mbele ya watu wote. Tukaenda na Magreti mpaka kwao. Bibi yake alikuwa amekaa nje anasugua ngozi, mama mzito, michoro ya duara imezunguka macho yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye mwandishi? Mbona mfupi?"

Udagwenga akaja akachuchumaa mbele yangu. Nikafungua, nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Hawa ni Mang'ati. Mang'ati wana ng'ombe wengi. Mang'ati ni rafiki zetu." Nikainua macho, nangoja nisifiwe.

Bibi akaacha kusugua. "Soma tena."

Nikasoma tena, kwa madaha zaidi. Mjinga mimi.

Kiswahili cha bibi yule kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na meno. "Hilo neno la Wamaasai," akasema. "Walituita hivyo tulipokuwa tunapigana. Maana yake adui. Sasa wewe umeandika: hawa ni adui, adui ana ng'ombe, adui ni rafiki zetu. Mimi nikae wapi hapo? Mlangoni?"

"Lakini bibi, kila mtu anasema hivyo."

"Kila mtu alikuja hapa kuniuliza?"

Akaiweka ngozi chini. "Wewe mtu wa wapi?"

"Mwiraqw, wa Bashay."

"Madereva kule kwenye ngano wanawaitaje ninyi?"

"Wanatuita Wambulu."

"Unapenda?"

"Sipendi! Mbulu ni mji. Mimi siyo mji."

Bibi akacheka mpaka bangili zikalia. "Haya. Wewe siyo mji, na mimi siyo adui. Sisi ni Wadatoga. Hapa Hanang, Wabarabaig. Na sisi tuna neno letu la kuwaita ninyi, wacha nisiliseme, mtoto anasikia." Kisha kicheko kikaisha. "Sikia. Huyu harudi shule kusomeshwa kwamba yeye ni adui. Siku ya wazazi ninakuja naye. Nikilisikia neno hilo, tunaondoka, anakwenda na mbuzi moja kwa moja, na wewe usiniletee karatasi zako tena."

"Bibi, vitabu vimeshashonwa. Vyote sita."

Akainua ile ngozi, akanionyesha mahali palipotoboka pakashonewa kipande. "Na hii ilishashonwa."

Njiani nilimgeukia Magreti kwa hasira. "Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa unachora pembeni yangu!"

"Nilifikiri unajua," akasema. "Mnaniita hivyo miaka saba. Nimezoea."

Mwanangu, makofi nimepigwa mengi, lile la siku ile halikuwa na mkono. Tulitembea mpaka kwenye mpaka wa ngano. Hapo ndipo nikamuuliza, "Magreti, nyumbani kwenu unaitwa nani?" Kwa sababu Magreti lilikuwa jina la kuandikishwa shule tu, karani alishindwa lile la kwao. Akasema, "Udamong'." Miaka saba dawati moja, na ndiyo kwanza nauliza. Nikalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni, na yeye akanisahihisha bila huruma.

Basi tukakata viraka. Tukabandika kwa uji mzito wa unga, kila mahali palipokuwa na lile neno, na juu ya kiraka nikaandika upya. Lakini tulipoanza hatukuweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeandika juu ya watu wote kwa namna ile ile, bila kuwauliza. Tukazunguka nyumba za wafanyakazi na vitabu chini ya kwapa. Mama Hamisi, mke wa dereva mmoja, Mwislamu, akajitazama kwenye picha akasema, "Nyie watoto, pua hii ya nani? Na mimi sijifungi mtandio kama nimeumwa jino." Akamfundisha Udamong' kuuchora vizuri. Kila ukurasa tukaubadilisha uanze hivi: "Tulimuuliza, akatuambia." Kisha maneno ya mwenyewe. Mikono yangu ilinuka uji siku mbili.

Siku ya wazazi bibi alikuja kweli. Alivaa ngozi yake nzuri yenye shanga, akapita katikati ya watu wote waliokuwa wanamtupia macho, akakaa mstari wa mbele karibu na baba yangu. Udagwenga alikuwa amemshika kidole. Mwalimu akaita mtoto wa kwanza aje asome, hakuna aliyesimama.

Mara nikasikia bangili. Udagwenga ameachia kidole cha bibi, huyo anakuja mbele. Kusoma alikuwa hajajua vizuri, wiki tatu tu za shule, lakini dada yake alikuwa amemsomea ule ukurasa wa maneno yake mwenyewe mpaka ameushika moyoni. Akaweka kidole juu ya kiraka, akapaza sauti: "Tulimuuliza, akatuambia. Mimi naitwa Udagwenga. Sisi ni Wadatoga. Ng'ombe huyu mwekundu ni wetu, maziwa yake ni matamu."

Bibi akasimama. Mimi nikafumba macho.

"Rudia," akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, safari hii kwa kelele, na watu wakapiga makofi, Mama Hamisi akapiga vigelegele, baba yangu akampa bibi mkono. Wiki iliyofuata wale watoto wa la kwanza walikuwa na mchezo mpya. Wanakimbizana uwanjani, ukikamatwa unaulizwa, "Tunakuuliza, tuambie!" Nawe unasema jina lako, lote, kama linavyoitwa nyumbani. Udagwenga hakukamatika kirahisi. Mbuzi walipata mchungaji mwingine.

Kitabu kimoja ninacho, kiko pale kwenye sanduku. Viraka vyake vimekauka vikawa vigumu kuliko karatasi.

Sasa sikia nikuambie, mwanangu. Kitabu chenu ni kizuri, na mimi nitatembea nacho nikiringa. Lakini ukurasa wa saba mmemchora mama asiyeona, na chini mmeandika jina mlilompa ninyi. Anakaa pale juu, ukitembea hata nusu saa haifiki. Nenda naye kitabu. Mpe shikamoo, umsomee, kisha unyamaze umsikilize. Usimwandike mtu kuwa mwema wakati hujamuuliza anaitwa nani. Nia yako ikiwa nzuri na neno lako likiwa baya, mtoto analibeba lile neno. Na ukikosolewa usione aibu ya kiraka. Kibandike, uendelee.

Nenda basi. Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilochoka. Wanao wasome ulichoandika bila kuinamisha kichwa, na popote utakapofika, wageni wakuulize jina lako na walitamke sawasawa.