Baba Alivyoomba Kutengwa

Dada yangu alipochumbiwa na kijana wa Luvungi, nyumba yetu ya Kasenga ilinuna nzima. Si kwamba kijana alikuwa mlevi. Alikuwa Mprotestanti kama sisi, ameokoka, na Biblia yake imechakaa kuliko yetu. Kosa lilikuwa misheni yake. Wa kule walihubiri injili ileile, pombe na tumbaku hawakugusa, ila jirani Mkatoliki akifiwa walikwenda matangani, wakala naye, wakaomba naye. Kanisa letu liliita hayo kuchanganya nuru na giza. Tulijitenga na Wakatoliki, kisha tukajitenga na Waprotestanti waliokataa kujitenga nao. Niliona tukiendelea hivyo, mbinguni tutafika familia tatu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na sheria aliiamini kwa moyo wote: atakayeketi katika ibada ya misheni kama ile ya Luvungi, anaondolewa kwenye Meza ya Bwana. Dada alilia wiki nzima. Nani angemtoa siku ya harusi, amkabidhi kwa mumewe? Wengine walikuwa na dawa yao. Walikwenda harusi za namna hiyo kimyakimya, wakirudi wanasema walikuwa shambani.

Baba hakuitaka dawa hiyo. Jumapili kabla ya harusi alisimama mbele ya wazee wenzake.

"Minye niko naenda kutoa mutoto wangu," akasema. "Sheria iko ya kweli, sibishane nayo. Munitoe kwenye Meza leo, kabla niende. Sitaki kwenda kwa kujificha."

Wakamtoa. Akaenda Luvungi, akamshika dada mkono hadi mbele, akala wali wa wakwe. Walipoomba pamoja, akafumba macho na mdomo pia. Ukaidi ule uliniudhi, na nilimpenda mno.

Mama hakwenda, alikuwa amejifungua juzi yake. Kwa hiyo yeye hakutengwa. Siku ya Meza ilipofika, baba aliketi benchi la nyuma, upande wa wanaume, pamoja na waliotengwa kwa pombe na uzinzi. Sahani ya mkate ilipomkaribia mama, aliinuka na mtoto mgongoni, akapita katikati ya kanisa, akaketi kando ya baba. Hakuna mwanamke aliyewahi kuketi pale.

Mzee mmoja akamfuata. "Mama, weye hauna kosa."

"Tuko mwili mumoja," mama akajibu. "Kama yeye hakule, na minye sikule."

Siku alipotengwa, baba hakutoa chozi. Siku hii ya Meza alilia mbele ya kanisa lote, wala hakuficha uso.