Mama Makopo, Mjenzi wa Nyumba za Buibui

Msumari umeiva juu ya jiko la mkaa, mwekundu kama pilipili. Mama Makopo anaubana kwa koleo, anaugusisha ubavuni mwa kontena la plastiki, na moshi mwembamba unapanda. Tundu. Anapuliza, anachungulia, anahamia upande wa pili. Tundu jingine.

"Hewa iingie huku, itokee kule," anasema bila kuinua macho. "Ukitoboa upande mmoja tu, ndani kunakuwa na fukuto kama bafu lisilo na dirisha."

Katika ua huu mdogo, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, anatengeneza makazi ya tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, upana wa kiganja. Wapo watu wanaowafuga kama wengine wanavyofuga paka. Sanduku la kioo la dukani humeza mshahara wa wiki mbili. La Mama Makopo, lililokuwa la biskuti au siagi, ni bei ya ndala.

Makopo huyachukua kwa waoka keki. Huyasuuza kwa maji ya moto na limau mpaka harufu iishe, "maana buibui hana shida na umaskini, ana shida na sabuni."

Aliianza kazi hii baada ya kiwanda cha ndoo alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Mama mkwe wake hakufurahi.

"Mimi buibui namjua wa kwenye dari, tena namjua kwa ufagio," anasema bikizee huyo, akichambua mboga mlangoni. "Huyu kaniletea wenye nywele kunishinda mimi."

Miezi michache iliyopita biashara ilitaka kufa. Kosa lilikuwa la Mama Makopo, naye halifichi. Alikuwa akikata dirisha pana kwenye mfuniko na kuliziba kwa kipande cha chandarua. Tarantula wa fundi cherehani, mteja wake mkubwa, akakitafuna. Asubuhi alikutwa ndani ya kikapu cha vitambaa, na aliyemkuta ni bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kupima gauni.

"Alitoka mbio na gauni limejaa pini," anasema Mama Makopo, akijizuia kucheka. "Fundi akasimulia mtaa mzima. Wateja wakakatika kama maji ya bomba."

Tangu hapo hakuna chandarua tena. Ni matundu ya msumari, madogo kuliko kifua cha buibui. Lakini matundu hayana mdomo wa kujitetea. Mwenye mdomo ni fundi cherehani, na leo amerudi.

Anaingia uani amekumbatia kopo la maziwa lililofungwa kamba. Ndani yumo yule yule mtoro, ambaye yeye humwita Binti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kamba zimekaza?" anauliza bikizee.

"Zimekaza, mama."

"Basi karibu."

Fundi anatembeza macho, kisha anaonyesha kopo refu kuliko yote, jembamba, linalong'aa, lililokuwa la pipi. Ndilo la bei ya juu hapa uani.

"Nipe hili. Nitaliweka kaunta, Binti apande apendavyo, wateja wamwone."

Mama Makopo anajua kwamba huyu akiondoka na hasira mara ya pili, hakuna atakayemwamini tena. Hata hivyo anatikisa kichwa.

"Hilo sikuuzii, kaka yangu."

"Hela yangu ina ugonjwa?"

"Haina. Binti wako ni wa ardhini, wa kuchimba. Atapanda, ataanguka, na tumbo lake laini kama nyanya iliyoiva. Likipasuka, hakuna sindano yako itakayolishona."

"Kwa hiyo nimfungie kwenye kisahani?"

"Upana atapewa. Urefu ndio adui yake."

Analeta kontena la siagi, fupi na pana. Analijaza udongo mkavu uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, zaidi ya nusu, anaushindilia kwa ngumi. Anafukia kipande cha kifuu kiwe pango, na kizibo cha chupa kinakuwa bakuli la maji. Kamba zinapofunguliwa, mama mkwe anasogeza kiti nyuma bila kuambiwa.

Binti anasukumwa taratibu kwa brashi ya rangi. Anasimama. Anapapasa ukuta, anauacha. Fundi amekunja mikono. Kisha buibui anazunguka kifuu, anaingia chini yake, na kuanza kusukuma udongo nje kwa miguu ya mbele, kama mwenye nyumba anayefagia kwake.

"He!" Fundi anacheka. "Kule kwangu anashinda pembeni kama mgeni!"

Mama Makopo anabana mfuniko, na fundi anajaribu kuuvuta. Haufunguki. Bikizee anainuka, anauvuta yeye, naye anashindwa.

"Nikifungiwa humu hata mimi sitoki," anatangaza.

Fundi analipa. "Kuna wafugaji wenzangu wawili nilishawatisha," anasema mlangoni, kontena kwapani. "Kesho nawaleta mwenyewe."

Mama Makopo anarudisha msumari motoni. Mpango wake ni kukodi kibanda barabarani, mtu aje na buibui wake wachague pamoja. "Wa ardhini nimewaweza. Sasa nataka wanaoishi mitini. Hao ndio wa makopo marefu, yenye mlango ubavuni."

"Nenda, mwanangu," anasema mama mkwe. "Ila mawili niachie hapa. Matupu. Ya vitunguu."