Alama ya Mkaguzi Yafutika, Mama Usukani Arudi Foleni

Saa tatu asubuhi, foleni ya mpakani inasogea kwa kusuasua. Mama Usukani, kama madereva wenzake wanavyomwita, anazima injini, anateremka na kulisukuma gari kwa bega asichome mafuta bure. Ni gari dogo jeupe, lililotumika ng'ambo, na bado halina namba ya usajili.

Kwa miaka kumi na moja mjane huyu amekuwa akitoa magari ya watu bandarini na kuyavusha mpaka. Ujira ulitosha kodi ya chumba na unga, basi. Hili la leo ni lake.

"Nalichungulia kama kichanga," anasema akicheka. "Linapumua? Halipumui?"

Kibali chake kinaisha geti likifungwa jioni hii. Akichelewa, gari litabaki yadi ya forodha, na faini hana pa kuitoa.

Zamu yake inafika. Mlinzi anakodolea kioo cha mbele.

"Mama, alama ya mkaguzi iko wapi?"

Jana mkaguzi alisoma namba ya chasisi, ile iliyochongwa kwenye bodi ya gari, akaridhika, akachora alama ya chaki kiooni. Sasa kioo kinang'aa, cheupe pe.

Mama Usukani anamgeukia wifi yake, aliyevuka alfajiri kuja kulipokea gari. Ndoo bado iko mkononi.

"Wifi, umeosha na kioo?"

"Sasa gari la kwanza la ukoo liingie nyumbani na vumbi? Nimesugua mpaka matairi!"

"Umesugua mpaka ukaguzi, mama wee!"

Madereva wanaangua kicheko. "Wifi, njoo huku," mmoja anapaza sauti, "nina kesi na trafiki, uisugue nayo!"

Dalali mmoja anamsogelea sikioni. "Chaki ninayo. Nikuchoree, upite."

"Asante, kaka. Nimemwomba Mungu gari, sikumwomba la kuvusha kwa uongo."

Anarudi mkiani mwa foleni kumsubiri mkaguzi alikague upya. Anajua magari ya aina hii wakaguzi huyakwepa, maana namba ya chasisi imejificha chini ya kiti cha abiria. Anachukua spana, anafungua kiti, anafunua zulia, anafuta namba hadi inasomeka. Kiti kinatua kando ya barabara, na wifi mtu, kwa aibu, anakikalia juani kukilinda.

Jioni mkaguzi anapita akielekea nyumbani, mkoba kwapani.

"Kesho, mama."

"Baba, nimeshafungua. Kwako ni kuinama tu."

Anasimama. Anainama. Anasoma, kisha anatoa chaki.

Gari linavuka geti likikaribia kufungwa, kiti kikiwa kimerudishwa kwa bolti mbili tu, wifi akikishikilia kwa mikono yote miwili.

Mama Usukani anapanga kupeleka wagonjwa kliniki na kuwarudisha makwao, wifi akipokea simu za wateja.

"Miaka yote nafika, namkabidhi mwenye gari funguo, natafuta basi la kurudi," anasema. "Leo nikifika, nazima, naingia ndani na funguo zangu, nalala."