Siku Bibi Alipoonja Pombe Yake

Jumamosi iliyopita mkwe wangu, baba wa kijana aliyemwoa binti yangu, alinipeleka kwenye sherehe ya Wajerumani hapa Saint Paul, ughaibuni tunakoishi. Mababu zake walitoka Ujerumani zamani. Yeye mwenyewe Kijerumani hajui zaidi ya kuhesabu hadi kumi, lakini siku hiyo alivaa kaptula ya ngozi yenye mikanda mabegani, mzee mzima na magoti yake nje. Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Chakula chao sina ugomvi nacho. Soseji nene za kuchoma, ukiuma ganda linapasuka na mafuta yanachirizika mpaka kidevuni. Pembeni wanakuwekea kabichi iliyochachushwa, harufu yake inakupiga puani kabla hujaitia mdomoni. Wazee wenye mashavu mekundu wanapuliza matarumbeta, na mmoja anabana na kuachia kinanda kifuani kama anakamua shuka. Mimi nimesafisha vyumba vya hoteli Bloomington miaka kumi na moja kabla sijafungua kampuni yangu ya usafi. Nyumba yangu ya Inver Grove Heights imenunuliwa na mikono hii, na shule niliishia darasa la nne. Kwa hiyo nikikaa kwenye benchi juani nikala soseji, nakula kwa raha zangu.

Basi mkwe akaniletea bia, kikombe cha kioo kizito kama ndoo ndogo. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikangoja. Yeye akanitazama, mimi nikamtazama. Povu likaanza kushuka.

"Mama, kunywa basi," binti yangu akaninong'oneza. "Anafikiri hujaipenda."

"Aonje kwanza."

"Aonje nini? Hiyo ni ya kwako!"

"Kaileta yeye. Aonje."

Binti akamweleza, uso umemwiva kwa aibu. Mkwe akacheka, akachukua kikombe, akapiga funda kubwa, akanirudishia akiwa na povu kwenye masharubu. Kisha akasema kitu. Kiingereza changu ni cha kazini, lakini hilo nililielewa vizuri sana: kwani nilidhani amenitilia sumu?

Alikuwa anatania, maskini. Lakini mimi neno hilo mbele ya pombe sikuwa nimelisikia tangu nina miaka tisa. Nikaiweka soseji chini. Rafiki yangu, kaa hapo nikuambie kwa nini.

Nililelewa na bibi yangu huko Machame, kwenye kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo ukoo unarithishana. Bibi alikuwa mjane na kazi yake ilikuwa kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi zilivundikwa darini juu ya moshi mpaka zikalainika, tukazimenya, tukazichemsha kutwa nzima mpaka zikageuka rangi ya matofali. Ulezi tuliuotesha, tukauanika, tukausaga kwa jiwe. Nyumba yote ilinuka utamu na uchachu pamoja, na nguo zangu pia. Shuleni mwalimu aliniambia nikae karibu na dirisha. Kazi yangu ilikuwa moto na maji. Maji niliyachota mferejini alfajiri, ya baridi mpaka vidole vinauma, nikiamka na sauti ya bibi akivunja kuni kwa goti.

Na nilikuwa na kazi nyingine. Bibi hakuonja pombe. Babu alikufa akitoka kulewa, aliteleza bondeni usiku, na siku ya kumzika bibi aliapa mbele ya mwinjilisti kwamba kinywa chake hakitagusa pombe mpaka afe. "Kupika si kunywa," alimwambia, na mwinjilisti alikuna kichwa akakubali. Sasa atajuaje kama imeiva? Aliniita: "Lete ulimi wako." Nami nililamba mwiko, nikasema bado, au nikasema tayari.

Kwetu mwenye pombe lazima aonje mbele ya mgeni ndipo ampe. Ni heshima, ni kumwambia: humu hamna sumu. Mahali pa bibi nilionja mimi. Nilichovya mdomo kwenye kata, kile kibuyu kidogo cha kunywea, nikaipitisha kwa mgeni, na kila mtu akaridhika. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha siku moja ya soko, mdogo wake jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alikunywa kwetu kata tatu, akaimba, akaenda zake. Hakuamka. Leo mtu angesema moyo, au presha. Wakati ule jirani alisimama msibani akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kwa nini mama yule hanywi pombe yake? Mtoto anaonjeshwa povu la juu. Sumu inakaa chini."

Ilitosha. Wateja wakakata mguu. Mtungi mzima ulichacha tukaumwaga migombani. Bibi akifika mferejini, wanawake wanajitwika ndoo nusu wanaondoka. Mimi watoto waliniita mjukuu wa sumu, na nilipigana mpaka nikapoteza jino. Miezi miwili ilipita hivyo, ndipo wazee wa ukoo wakaja. Waliongea kwa ufupi: bibi apike, watu waitwe, jirani apewe kata mbele ya wote. Akinywa, yameisha. Akikataa, bibi afungashe vyombo arudi kwao alikozaliwa. Kwao hapakuwa na mtu. Wote walishakufa.

Moto ule niliukoka mimi. Siku ya nne ya kupika bibi akaniita, "lete ulimi wako," nami nilisema tayari.

Siku yenyewe watu walijaa uani, hata waliokuwa hawatusalimu. Jirani alikaa mbele, mikono kifuani. Mwinjilisti alikaa kwenye kiti chake alichokuja nacho. Nikasogea kuchukua kata kama kawaida yangu. Bibi akaivuta.

"Leo ulimi wako kaa nao," akaniambia.

Akazamisha mwiko mkubwa mpaka chini ya mtungi, akakoroga, akakoroga, mpaka zile pumba za ulezi zote zikapanda juu. Akachota kata ikajaa. Akamtazama mwinjilisti. Kisha akanywa. Hakunywa funda moja, alinywa yote, koo linapanda na kushuka, na alipomaliza akaigeuza kata juu chini, lisidondoke hata tone.

Mzee mmoja akanong'ona tungoje. Ikawa ni kungoja. Bibi akakaa kwenye kigoda, akavuta ungo, akaanza kupeta ulezi kana kwamba yuko peke yake. Mimi nilimtazama kifua. Kikipanda, nami napumua. Kikikawia, nami nakufa. Nilijua pombe ni safi, nimeichemsha mwenyewe, lakini hofu haina akili. Kivuli cha paa kikatembea kutoka kwenye jiwe la kusagia mpaka miguuni kwa jirani.

Ndipo bibi akacheua. Si kidogo, bwana. Alicheua mpaka kuku wakakimbia.

Uani pote watu waliangua kicheko, wazee kwa watoto. Jirani alijizuia, alijizuia, akashindwa. Akasimama, akanyoosha mkono.

"Mama, nipe na mimi," akasema. "Nimekaa na kiu miezi miwili kwa ujinga wangu."

Alikunywa, akaketi chini, akalia kwa sauti kumlilia mdogo wake. Nadhani alikuwa hajamlilia vizuri, alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu tu. Bibi alimwekea mkono begani akamwacha alie. Mimi nilikimbilia nyuma ya jiko, nikacheka na kulia kwa pamoja, na sijui hata leo kipi kilizidi.

Watu walipokuwa wakiondoka, bibi alimfuata mwinjilisti, kichwa ameinamisha. Mwinjilisti akamwambia, "Mama, mimi nilikuwa nafunga kamba za kiatu. Kuna kitu kimetokea?" Nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili.

Jioni bibi alinikalisha jikoni. Nilifikiri atanishukuru. "Miaka mitatu nakuuliza," akasema, "miaka mitatu unaniambia tayari. Mbona chungu namna hii? Wewe ulimi wako ni wa kuku." Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu msiba ule.

Kihamba kile leo sikijui. Binamu yangu anasema migomba imekatwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha, mfereji umekauka, na mbege inauzwa kwenye vikombe vya plastiki na mtu asiyekujua wala kukutazama usoni. Ni kweli vitu hivyo vimekwenda, na vingine nilivikimbia mwenyewe, sitakudanganya kwamba natamani kuchota maji alfajiri.

Lakini bibi hakufungasha vyombo. Aliishi pale miaka ishirini zaidi, akafa kitandani kwake, na vijana walipokuja na majembe kuchimba kaburi walimkuta yule jirani ameshafika, mzee sasa, mgongo umepinda. Amevua shati, anachimba, na shimo limeshamfika kiunoni. Walimwambia apande juu apumzike. Alikataa. Alisema shimo la mama yule atalimaliza mwenyewe.