Taa Mbili Juu ya Simi-Simi

Harufu ya talki ikinifikia puani, hata kama ni ya mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, mimi simwoni mtoto. Naona puto kubwa jeupe likijaa polepole mikononi mwa Papa, baba yangu, maana maputo yale yalihifadhiwa ndani ya talki ili mpira usigandane. Nitawaeleza, ingawa nimeshaanza ukurasa huu mara sita na kuuchana kila mara kwa sababu ya neno moja. Nisameheni. Nilizaliwa hivyo.

Sisi ni watu wa Maniema tuliohamia Kisangani, na Papa alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa, uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Kila jioni, giza likianza tu kuingia, yeye na mwenzake Asumani, ambaye sisi watoto tulimwita Tonton, yaani mjomba, waliachia puto. Chini yake walining'iniza taa ya karatasi yenye mshumaa mmoja. Mmoja aliifuata taa kwa darubini ya miguu mitatu na kusoma digrii kila dakika, mwingine akaandika. Kwa namba hizo walijua upepo wa juu unakwenda wapi, na marubani wa asubuhi walizitegemea.

Nilikuwa na miaka tisa, na nyumbani kulikuwa na habari moja tu. Mkuu wa kituo, Mbelgiji mmoja mkavu, alikuwa amemwahidi Papa kwamba akimaliza mwezi mzima bila karatasi hata moja yenye kosa, ataanza kusaini karatasi zake mwenyewe. Pale hakuna mtu mweusi aliyekuwa akisaini. Zilibaki siku tatu. Mama alikuwa ameshapiga pasi shati la siku hiyo na kulitundika ukutani, nasi tukakatazwa hata kulipumulia.

Ndipo Tonton Asumani akashikwa na homa. Papa akanipakia kwenye baiskeli yake nikaandike mimi, kwa sababu mwandiko wangu, alisema, ulikuwa kama wa mashine. Nilikaa nyuma nimejinyoosha kama mtumishi wa serikali.

Dakika ya nne baada ya kuachia puto, mdudu akamwingia Papa jichoni.

"Shika weye," akasema huku akilisugua. "Fuata taa, soma namba. Mimi nitaandika."

Nikaweka jicho. Papo hapo nikaisukuma darubini bila kukusudia, na taa ikanitoka machoni. Nilizungusha huku na huku, jasho likinitoka, hadi nikaiona tena: nukta ya manjano, imetulia. Nikaanza kusoma.

Sijawahi kuona namba nzuri kama zile. Upepo wa kawaida ni mlevi, namba zake huruka na kuanguka. Zangu zilipanda kwa adabu, karibu robo ya digrii kila dakika, kama watoto wa shule kwenye mstari. Nilijiona fundi. Ila taa ilikuwa na ukungu kidogo, nami ukungu siuvumilii, nikazungusha pete ya lenzi ili iwe safi kabisa.

Ikagawanyika. Zikawa mbili: moja kubwa, ya rangi ya mawese, na kando yake nyingine ndogo, ya buluu kama moto wa spiriti.

Nilijua nimevunja chombo cha serikali. Nilimwona Papa amefukuzwa, na shati limeteremshwa ukutani. Niliendelea kusoma namba kwa sauti ya kawaida kwa dakika mbili nzima, na dakika hizo mbili ndizo ninazoziungama kwenu leo. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Papa, taa iko mbili."

"Mbili? Mushumaa tuliweka moja."

"Iko mbili, Papa. Moja mukubwa, moja kadogo. Nimeharibu."

Akaja, akaangalia kwa jicho lake zima. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Mutoto, haukuharibu kitu. Ulishika nyota! Puto yetu saa hii iko inakula samaki kule mbali Banalia."

Nilikuwa na raba mfukoni, na karatasi iliandikwa kwa penseli. "Papa, nifute?"

"Apana. Tukifuta, tutaweka nini? Upepo ya uongo? Kesho kuna mutu atapanda ndege na ile upepo."

Akapiga mstari mmoja juu ya namba zangu zote nzuri, akaandika kando: *Nimefuata nyota*. Nimefuata, si tumefuata. Nililia hadi nyumbani.

Kesho yake mkuu aliitazama karatasi, akasema mwezi uanze upya. Papa akarudi kutusimulia huku akijipiga mapaja: "Mutoto wangu amesimamisha upepo ya Kisangani!" Mama, aliyekuwa akilikunja lile shati, akasema, "Bon, asimamishe na mvua basi, niko na nguo ya kufula." Tulicheka wote, hata mimi, nikiwa bado na makamasi.

Miaka baadaye nilinunua sokoni kitabu cha nyota cha Kifaransa kisicho na jalada, nikajifundisha kukisoma kwa kamusi. Nikaikuta nyota yangu kwenye mdomo wa kundi linaloitwa Bata Maji. Ile ya manjano ni jitu lililozeeka na kuvimba kwa umri. Tena, kitabu kilisema, lenyewe lina mwenzake aliyejibana karibu mno, darubini ya Papa isingewatenganisha. Kwa hiyo hata "mbili" yangu ilikuwa pungufu. Niliona aibu wiki nzima, kisha nikacheka peke yangu.

Saini Papa aliipata, mwezi ule wa pili ulipokwisha. Ninachotaka kuwaambia ni jioni ya kwanza ya mwezi huo, siku moja tu baada ya kosa langu. Tonton alikuwa bado na homa. Papa akanipakia tena kwenye baiskeli, akaachia puto, na kabla mdudu yeyote hajamwingia jichoni akasogea pembeni ya darubini. "Shika," akasema. Nilidhani hakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka kwamba nyumbani kulikuwa na kaka zangu wawili, wakubwa kwangu, wenye macho makali, waliokuwa wakimwomba kila jioni awapeleke.